Kwa nini mzee wa kanisa bado humwagia wahenga mbege?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwinjilisti wa mtaa katika usharika mmoja wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) huku Kilimanjaro, mwaka wa kumi na nne sasa. Mwezi uliopita tulimzika mama mmoja mzee kihambani kwake, yaani katika shamba la migomba la ukoo. Mchungaji alipokwisha kuondoka nilirudi kuchukua kitabu changu cha nyimbo, nikamkuta shemeji wa marehemu, ambaye ni mzee wa kanisa, akimimina mbege, pombe yetu ya ndizi, chini ya masale, mmea unaoheshimiwa na Wachaga, na kuzungumza na wahenga. Jumapili iliyofuata alisimama pamoja nasi akaikiri Imani kwa sauti kuliko wote. Watu wetu wanaamini nini hasa? Nimefikiri tugawe dodoso usharika mzima ili ukweli ujulikane. Na huyu mzee, je, nimpeleke mbele ya baraza atengwe?

Jibu: Marahaba, Ndugu Mwinjilisti. Nimeisoma barua yako mara mbili, kwa sababu uliyoyaona chini ya yale masale nimeyaona mwenyewe katika nyumba nyingi, na kwa sababu namna utakavyomtendea mzee huyo itajulikana mtaa mzima kabla Jumapili mbili hazijapita. Nitaanza na neno lako "wanaamini", maana ugumu wa swali umejificha humo.

Kiswahili kina maneno mawili ambayo kila siku tunayachanganya. Kusadiki ni kukubali kwamba jambo fulani ni kweli. Kumwamini mtu ni zaidi ya hapo: ni kumwachia mzigo wako, kama unavyomwamini jirani ukamwachia ufunguo wa nyumba unaposafiri. Wakatoliki wanapokiri husema "Nasadiki", sisi husema "Namwamini", na ingawa makanisa yote mawili yanakusudia imani ileile, tofauti hiyo ya maneno inatusaidia kuona vizuri. Mtu anaweza kusadiki kila kifungu cha Imani, tangu kuumbwa kwa mbingu na nchi hadi uzima wa milele, bila shaka hata moja moyoni, na bado siku ya taabu akautua mzigo wake mahali pengine. Luther alilisema hili waziwazi katika Katekisimo Kubwa alipoieleza amri ya kwanza: kile ambacho moyo wako unakishikilia na kukitegemea, hicho ndicho hasa mungu wako. Kwa hiyo unapouliza watu wetu wanaamini nini, umeuliza maswali mawili, yaani wanasadiki nini na wanategemea nini. La kwanza unaweza kulijua kwa dodoso. La pili hulipati hata ukigawa karatasi elfu moja.

Usidhani, tena, kwamba hali hii ni ya Waafrika peke yao, au ni ya Wachaga waliobatizwa juzi. Katekisimo Ndogo unayowafundisha watoto wa kipaimara ilizaliwa na pengo hilihili. Mwaka 1528 Luther alishiriki kukagua sharika za Saksonia, Ujerumani, akarudi amesikitika sana: watu wa vijijini walikuwa wamebatizwa na walipokea Sakramenti, lakini wengi hawakujua Sala ya Bwana, wala Imani, wala Amri Kumi, na wachungaji wengi hawakuweza kuwafundisha. Mwaka uliofuata, 1529, akakitoa kitabu hicho. Dawa yake ilikuwa mafundisho, na ilisaidia. Hata hivyo kumbukumbu za ukaguzi wa miaka ya baadaye katika karne hiyo ya 16 zinaonyesha wakaguzi wakiendelea kulalamika kwamba wakulima, wengine wao wakiwa wameshafundishwa katekisimo, waliwaendea wapiga ramli ng'ombe walipopotea, na kuwasomea wagonjwa maneno ya uaguzi. Jambo hili lina uzito kwetu kuliko tunavyolichukulia darasani, kwa sababu linaonyesha kwamba kuna pengo ambalo mafundisho hulijaza, na kuna lingine ambalo mafundisho, hata yakiwa mazuri, hayalifikii.

Kuhusu dodoso lako, yaliyotokea Marekani yatakusaidia. Mwaka 2019 kituo cha utafiti cha Pew kiliwauliza Wakatoliki wa nchi hiyo kuhusu mkate na divai ya Ekaristi. Kanisa lao linafundisha kwamba vitu hivyo hugeuka kweli kuwa Mwili na Damu ya Kristo. Waliokubali hivyo walikuwa asilimia 31, na asilimia 69 walisema ni alama tu. Habari hiyo iliwashtua wengi. Lakini ndani ya hao 69 mlikuwa na makundi yasiyofanana hata kidogo: walio wengi walidhani kwamba "alama" ndilo fundisho lenyewe la Kanisa lao, na ni asilimia 22 tu ya Wakatoliki wote waliolijua fundisho wakalikataa. Asiyefundishwa na aliyefundishwa akakataa wanaandika jibu moja kwenye karatasi, ilhali mmoja anahitaji mwalimu na mwingine anahitaji mtu wa kuzungumza naye kwa muda mrefu. Miaka michache baadaye watafiti wengine waliuliza jambo lilelile kwa maneno tofauti, wakapata karibu theluthi mbili wanaoamini kwamba Kristo yumo kweli. Siamini kwamba Wakatoliki wa Marekani walikuwa wameongoka kwa wingi kiasi hicho katika muda mfupi. Kilichobadilika zaidi ni swali.

Nasi tunazo takwimu zetu. Mwaka 2010 kituo hichohicho kilitoa matokeo ya utafiti katika nchi 19 za Afrika kusini mwa Sahara, na Tanzania ikaonekana juu kabisa: asilimia 93 walisema wanaamini uchawi upo, na zaidi ya nusu, Wakristo na Waislamu kwa pamoja, walisema kafara kwa wahenga au mizimu zaweza kuwakinga na madhara. Namba hizi hutajwa sana na wageni wanaotaka kuonyesha kwamba Ukristo wetu ni wa juu juu. Mimi sikubaliani nao, na sababu ni ile niliyoanza nayo. Kusadiki kwamba uchawi upo hakumfanyi mtu kuwa mpagani. Mtume Paulo mwenyewe anautaja miongoni mwa matendo ya mwili katika Wagalatia sura ya 5. Swali la kanisa ni kama Mkristo anauogopa uchawi kuliko anavyomtumaini Mungu, na swali hilo halikuulizwa.

Hapa tunamfikia mtu wako, ambaye si mjinga wa mafundisho wala hayakatai. Anashika vyote viwili, na havigongani kichwani mwake kwa sababu kila kimoja kinajibu swali lake. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, aliyeishi na Waazande wa Sudan (sehemu ambayo leo ni Sudan Kusini) na kuandika habari zao mwaka 1937, alieleza mfano ambao sijapata ulio bora zaidi. Ghala la nafaka limewaangukia watu waliokuwa wamepumzika kivulini chake. Kila Mzande anajua kwamba mchwa walikuwa wamezila nguzo, na anajua kwamba watu walikaa pale kukwepa jua. Lakini kwa nini lianguke saa ileile, juu ya watu walewale? Mchwa hawajibu swali hilo. Uchawi unalijibu. Sasa jiulize, ndugu yangu, kanisa letu linamjibu nini anayeuliza hivyo. Mara nyingi tunamwambia ni mapenzi ya Mungu, tunafunga Biblia, tunanawa mikono na kukaa mezani. Aliyebaki na maiti ya kijana wake chumbani anajua kwamba hakujibiwa. Kwa mpiga ramli angepata jibu, la uongo, lakini jibu.

Nikueleze jambo nililolishuhudia katika nyumba moja ambayo sitaitaja kijiji chake. Mama wa nyumba hiyo alikuwa mwanakwaya, amepata kipaimara, na ukutani alikuwa ametundika kalenda ya kanisa pamoja na kadi za ubatizo za watoto wake wote wanne, kila moja ndani ya mfuko wa nailoni ili moshi usiziharibu. Mtoto wake wa mwisho alishikwa na degedege saa nane usiku. Ninyi wa huko mnajua yanayosemwa kuhusu degedege, kwamba ni la pepo, na kwamba ukimpeleka mtoto akachomwa sindano atakufa. Mama huyo alimfunga mtoto mgongoni akapita mbele ya kanisa, ambalo lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Akapita mbele ya nyumba ya mhudumu wa kanisa, na taa ilikuwa imezimwa. Akafika kwa mganga wa kienyeji, ambaye alifungua mlango kwa hodi ya kwanza. Mganga akamfukiza mtoto moshi, akamfunga hirizi mkononi, na kulipokucha, kwa busara ambayo si kila mganga anayo, akamwambia ampeleke zahanati. Mtoto alikutwa na malaria kali, akatibiwa, akapona. Nilipomuuliza mama yule kwa nini alipita kanisani bila kugonga, hakunielewa kwanza. Kisha akasema kwamba haikumjia akilini kuwa kanisani kuna mtu wa kumgongea usiku.

Nimeufikiria usiku ule mara nyingi. Mama hakuwa na kosa katika fundisho lolote, ungemtahini angekushinda. Hirizi ile hakuinunua kwa sababu alimkana Kristo. Aliinunua mahali pekee palipokuwa na mlango uliofunguliwa, na kwa miaka mingi sisi viongozi tumemwita mtu kama yeye mnafiki.

Katika suala la wafu, ambalo ndilo hasa ulilolikuta kihambani, naona kwa uchungu kwamba sisi Walutheri tumeliacha shamba bila mlinzi kuliko wengine. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, lile tamko la imani la Walutheri, katika kifungu cha 21, linasema watakatifu wakumbukwe ili imani yetu iimarishwe na tuige matendo yao mema, lakini wasiombwe msaada, kwa kuwa mpatanishi wetu ni Kristo peke yake. Fundisho hilo nalishika kwa moyo wote. Lakini tazama tulichokifanya nalo: katazo tumelitangaza, kumbukumbu tumeisahau. Mkatoliki wa jirani ana misa ya kumwombea marehemu, na ana tarehe 2 Novemba ya kuwataja wafu wake kwa majina. Muumini wetu ana ibada ya maziko, labda na ibada ya shukrani baada ya siku kadhaa, halafu kimya. Wakati huohuo, kila Desemba ukoo unarudi kihambani, mbuzi anachinjwa, makaburi yako palepale kati ya migomba, na watoto wanauliza huyu alikuwa nani. Anayewajibu ni babu mwenye kibuyu cha mbege, kwa maana sisi hatupo.

John Mbiti, Mkenya na padri wa Kianglikana, aliyechunguza namna Wakamba walivyoyapokea mafundisho ya misheni kuhusu siku za mwisho, alitumia maneno mawili ya lugha yetu, Sasa na Zamani, kueleza jambo hili. Marehemu anayekumbukwa kwa jina na waliomjua bado yumo katika Sasa. Anaposahauliwa na wa mwisho aliyemjua, anazama katika Zamani. Wapo wanazuoni waliompinga kwamba aliwakusanya Waafrika wote katika kapu moja, na pingamizi hilo lina haki yake. Ila mtu yeyote aliyehudhuria mazishi ya Uchagani anajua kwamba mama yule mliyemzika bado yumo nyumbani kwake, na kwamba shemeji yake hawezi kukubali kuagana naye kwa dakika ishirini za ibada na udongo wa koleo. Ndani ya Imani tunakiri "ushirika wa watakatifu". Ni lini, katika miaka yako kumi na minne, ulihubiri juu ya maneno hayo matatu ukiwa umesimama kaburini?

Wapo waliojaribu kabla yetu. Bruno Gutmann, mmisionari wa Misheni ya Leipzig ya Ujerumani aliyefanya kazi Old Moshi tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi 1938, alitaka ukoo, ujirani na rika viwe ndiyo mifupa ya usharika badala ya kuvunjwa. Alilaumiwa kwamba alizipenda mno mila, na sehemu ya lawama hiyo ni ya kweli. Lakini aliliona jambo ambalo wengine hawakuliona, kwamba si kila kilicho cha mila kimo katika fungu moja. Jani la sale ambalo mzee wako alisimama mbele yake ndilo jani lilelile analolishika mtu anayekwenda kumwomba msamaha jirani, na mimi nimemwona mchungaji akiwaombea waliogombana huku jani hilo liko mezani. Ndugu wa uamsho, ule ulioanzia Gahini huko Rwanda katika miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kagera na Kenya, walikwenda njia nyingine: walisimama hadharani, wakatubu, wakachoma hirizi zao mbele ya watu. Nawaheshimu sana. Walichokuwa nacho, ambacho katekisimo peke yake haikuwapa watu, ni kundi la ndugu unaoweza kuwagongea saa nane usiku.

Lazima nikuonye pia kuhusu njia moja ya kuliziba pengo ambayo siku hizi inapendwa. Ni kuyasogeza mafundisho ya kanisa hadi yafike pale hofu ya watu ilipo. Mhubiri anamwambia mama aliyefiwa kwamba naam, kuna mtu wa karibu aliyemroga, mwanamke wa makamo, upande wa mume. Hapo fundisho na imani ya waumini vimekuwa kitu kimoja, pengo halipo tena, na mama mkwe anaanza kuangaliwa kwa jicho baya. Katika nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni, na watu wenye ualbino wamekatwa viungo, hatuwezi kulichukulia jambo hilo kwa wepesi. Serikali ilipopiga marufuku ramli chonganishi mnamo Januari 2015 iliwalenga waganga, lakini ramli ni ramli hata ikipigwa kwa Biblia mkononi. Heri pengo libaki wazi kuliko kulifunga kwa damu ya bibi wa watu.

Kumbuka pia Samunge, Loliondo, mwaka 2011. Mchungaji mstaafu wa kanisa letu, Ambilikile Mwasapila, alitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500 akisema Mungu ndiye aliyemwagiza, na magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi porini. Walikwenda maskini na mawaziri, na baadhi ya viongozi wa kanisa walimtetea hadharani. Wapo wagonjwa walioacha dawa zao za hospitali, na hilo lilileta madhara ya kweli. Lakini kiu iliyowapeleka kule ilikuwa ya mlango mmoja ambapo sala na dawa, mwili na roho, vinapatikana pamoja. Sisi tulikuwa tumevigawa, roho kanisani na mwili hospitalini, na tukashangaa mtu mzima mzima alipokwenda kwingine.

Sasa nikujibu uliyoniuliza. Dodoso usiligawe. Watu watakuandikia wanachodhani mchungaji anataka kukisoma, na walio waaminifu zaidi ndio watakaoumia. Badala yake, chukua miezi sita, na katika kila msiba uulize familia, kwa upole na baada ya wageni kuondoka, ni maswali gani waliyokuwa nayo ambayo hakuna aliyeyajibu. Yaandike. Utakuwa na mtaala wa mahubiri ambao hakuna chuo kitakachokupa. Waombe wazee wa mtaa wapange zamu, ili kila usiku kuwe na nyumba moja inayojulikana, yenye taa, namba ya simu na mtu anayejua njia ya zahanati. Na zungumza na mchungaji wako juu ya Jumapili moja katika mwaka ya kuwataja kwa majina waliolala katika Bwana, tukimshukuru Mungu kwa ajili yao bila kuwaomba lolote, na ibada fupi kama hiyo ifanyike kihambani Desemba ukoo ukiwa umekusanyika. Ungamo la Augsburg halikukatazi hata neno moja la ibada hiyo.

Kuhusu mzee, usimpeleke barazani. Kumtenga kutawafundisha wengine kusubiri hadi uchukue kitabu chako cha nyimbo na kuondoka kabisa. Nenda kwake wewe mwenyewe, peke yako, jioni, ukae unywe alichokukaribisha. Katika barua yako umeniambia kwamba alizungumza na wahenga, lakini hukuniandikia alisema nini, na kila kitu kinategemea hapo. Muulize. Ikiwa alisema, "Mama yetu anakuja, mpokeeni", ulimsikia mtu anayeaga, naye anahitaji kufundishwa tu kwamba yupo mwingine wa kumkabidhi shemeji yake, aliye hai, anayesikia. Ikiwa alisema, "Msitudhuru, tumewapa haki yenu", basi mzee huyo ana hofu, na hofu hiyo pengine ameibeba tangu utotoni akiwa amekaa kiti cha mbele kanisani. Mrudie mara nyingi, usome naye Warumi 8 taratibu, hadi aweze kukuambia anachokiogopa. Na ikiwa alisema, "Tuonyesheni aliyemuua", usilale usiku huo kabla hujaongea na mchungaji, kwa sababu katika ukoo huo kuna mtu ambaye jina lake limeshaanza kunong'onwa, naye anahitaji ulinzi wenu kuliko mzee anavyohitaji adhabu.